Kurasa za Bibi Nilizoruka

Harufu ya mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa siku hiyohiyo hunichosha. Wengine huwatia njaa. Mimi hunirudisha uani kwetu Unyambwa, mbele ya turubai lililojaa vichwa vya alizeti, fimbo mkononi, mabega yanawaka moto. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Mtu binafsi alikuwa ameleta mashine ya kukamua mjini Singida, wanunuzi wakawa wanafuata mbegu hadi mlangoni, na kila nyumba ikapura kama inayofukuzwa.

Nilikuwa darasa la tano. Nilipura kabla ya shule, nikapura nikirudi, na tulipokaa kupumzika Bibi, mama yake baba, alinipa kazi nyingine: kumsomea Injili. Babu alibatizwa miezi michache kabla ya kufa. Bibi alikuwa bado, na aliogopa kwamba huko mbele watapotezana. "Nitamtafutia wapi, mke mwenzangu?" aliniuliza, maana ndivyo alivyozoea kuniita. Mwinjilisti wetu alikuwa na sharti lake: asiyejua kusoma asomewe Injili moja, kisha aisimulie kwa maneno yake mwenyewe mbele ya wazee wa kanisa, toka mwanzo hadi mwisho. Nikachagua ile fupi kuliko zote nne. Sikuwa mjinga.

Mwanzo wake ulikuwa mbio tupu. Mara Yesu yuko mtoni, mara yuko jangwani, mara wavuvi wameziacha nyavu zao. Bibi aliishi na Kinyaturu chake siku zote, Kiswahili alikiokota mnadani. Akanikatiza: "Mara ngapi?" Kwake mara ilikuwa ya kuhesabu, mara moja, mara mbili. Nikamweleza kwamba hapa hawahesabu, maana yake ni papo hapo. "Loo! Basi huyu naye hapumziki, kama sisi," akasema. Tulicheka mpaka mama akatugombeza.

Tulipofika sehemu ya mwisho, kitabu kikabadilika. Mtu aliyekuwa akikimbia toka kijiji hadi kijiji ameingia Yerusalemu, na sasa wiki moja tu haiishi. Kesho yake, jioni yake, jogoo, saa tatu, saa sita. Nilikereka sana. Mwandishi huyu anajua kukimbia, mbona sasa anakokota miguu? Nami nilikuwa nimechoka, jamani, viganja vyote malengelenge. Niwaambie ukweli: siku tulipomaliza kile chakula cha jioni cha mwisho, nilifunua kurasa kadhaa kwa pamoja. Nikasema akafa, akazikwa, wanawake wakaenda kaburini wakakuta hayumo.

Bibi alinitazama. "Amekufa upesi hivyo?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, Bibi."

Akachukua fimbo yake, akaendelea kupura.

Siku ya kuulizwa alisimama mbele ya wazee wa kanisa, kanga mpya begani, akasimulia vizuri ajabu. Mara zake zote alizitia mahali pake. Alipofika kwenye chakula cha jioni, akanyamaza.

"Endelea, mama," mwinjilisti alimwambia.

"Hapa mjukuu wangu alichoka," Bibi akasema. "Kuna siku hapa sijasomewa. Nimemuuguza mume wangu mpaka mwisho, najua mtu anavyokufa. Hafi hivyo."

Wazee walicheka, wala si kwa ubaya. Wakamwambia arudi msimu ujao, akiwa amekamilisha. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Njiani nilingoja anigombeze, lakini aliniuliza tu kama nina njaa.

Kabla mvua hazijaanza Bibi akaugua kifua. Mama alikuwa shambani, hivyo mimi nilizuiwa shule nikakaa naye. Jumatatu nikakitoa kitabu na kumsomea nilichoruka, neno kwa neno. Tulipofika bustanini, pale rafiki zake Yesu walipoambiwa wakeshe wakasinzia, Bibi alinishika mkono.

"Walichoka," akasema. "Hata hao."

Nililia kwa aibu, akaniacha nilie. Alhamisi mwinjilisti alikuja. Bibi akamsimulia kipande kile kwa kunong'ona, akipumzika kila baada ya maneno machache, na akabatizwa palepale kitandani kwa maji ya kikombe cha bati. Jumamosi akafariki.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa jinsi kitabu kile kilivyojengwa. Niliishi na Bibi miaka kumi na mmoja, na yote nimewasimulia kwa maneno haya machache. Lakini wiki ile naijua saa kwa saa: uji alioukataa Jumanne, upande aliotaka kulalia, swali lake la Ijumaa mchana, kama Babu atamjua kwa jina jipya la ubatizo. Mwandishi hakuwa anakokota miguu. Alikuwa amefika mahali ambapo aliyempenda mtu hawezi kuruka, nami niliruka.

Alinisamehe, najua. Hata hivyo nikifika kwenye kurasa zile husoma kwa sauti, polepole, hata nikiwa peke yangu nyumbani.