Sale kwa Mbwa

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya ofisi ya mifugo mjini Moshi, mtoto mgongoni, nikingoja dawa ya mbuzi wetu. Mzee mmoja wa mlimani akaingia amembeba mbwa wake ndani ya koti. Macho ya mbwa yalikuwa ya manjano.

"Shikamoo, babu. Mbwa wako hula nini?" aliuliza bwana mifugo.

"Ugali. Na kila panya anayemuua kihambani kwangu, kwenye migomba, namwachia ale. Ndiyo zawadi yake."

"Panya hao ndio waliompa ugonjwa. Nitamchoma sindano, tuombe Mungu. Nawe nawa kwa sabuni, huambukiza hata watu."

Mzee alimlaza mbwa mezani. Akatoka hadi kwenye ua wa ofisi, akachuma jani la sale, lile tunaloombea msamaha kwetu Uchagani, akarudi, akaliweka mbele ya mbwa.

"Nisamehe, ndugu yangu. Sikujua."

"Sale kwa mbwa!" alicheka bwana mmoja kwenye foleni. Hakuna mwingine aliyecheka, naye akavua kofia. Bwana mifugo alichoma sindano bila kuliondoa lile jani.

Nawajua majirani waliogombania mpaka wa shamba hadi wakazeeka, na mpaka wenyewe umepandwa masale matupu.