Fundi makochi anayeombea umeme ukatike

Jumamosi, saa tatu asubuhi, mdomo wa fundi umejaa misumari. Anatoa mmoja, anaubandika ukingoni mwa kiti, anagonga, anatoa mwingine. Mtu mwenye misumari mdomoni hasemi kitu, lakini macho ya fundi huyu yanasema, tena yanamsema mtoto aliyeketi kando ya ukuta.

Mtoto ni bintiye, ana miaka kumi. Amekunja miguu juu ya mto ambao bado haujavalishwa kitambaa, mgongo kampa baba, na mikononi kashika gemu ndogo ambayo waya wake umechomekwa ukutani. Vidole gumba vinakwenda mbio. Tangu aingie amesema maneno mawili tu: "Shikamoo, Baba."

"Umeona?" fundi ananiuliza akishamaliza misumari yake. "Wanawake wanalia kwamba wameletewa wake wenza. Mimi wangu nimemnunua mwenyewe, nikaomba na punguzo."

Wateja wanamwita Sponji, na hakuna anayekumbuka nani alianza. Kibanda chake cha mabati kiko mwisho wa mtaa wa maseremala, na harufu ya gundi inakukaribisha kabla yeye hajakukaribisha. Yumo katika kazi hii kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwezi ukiwa mzuri anavalisha upya seti tatu za makochi. Ukiwa mbaya anashona foronya na kuziba viti vya baa, na mwenye kibanda anataka kodi yake vilevile.

Kazi imemwachia mgongo unaouma na kucha mbili zisizoota sawasawa. Hayo hayamsumbui sana.

"Mgongo una dawa," anasema. "Wivu hauna."

Analisema neno hilo wazi, bila kupepesa macho. Wanaume wengi niliowahi kuwahoji wangeliita jina jingine: heshima, haki, malezi. Kwa Sponji ni wivu, basi.

Miaka mitatu iliyopita yeye na mama wa mtoto waliachana. Hawakuvunjiana vyombo, walichokana tu. Mama akaolewa na fundi simu mwenye duka la vioo na taa nyingi. Wakakubaliana kwamba kila Jumamosi mtoto ashinde kibandani kwa baba yake.

Jumamosi hizo ndizo zilizokuwa wiki nzima ya Sponji. Binti alikuwa anampa misumari, anashindilia sponji kwenye mito, na anaongea. "Anaongea huyo! Redio angalau inanyamaza umeme ukikatika. Huyu hakuwa na swichi. Nani kapigwa darasani, mwalimu gani kavaa viatu gani, kwa nini kuku hakojoi. Nilikuwa namwambia, mama, nipumzishe masikio. Mdomo wangu huu! Ningejua ningenyamaza."

Kisha fundi simu akaleta gemu nyumbani kwake, zile za kushika mkononi. Mtoto anamwita "anko", na kila Sponji akilitaja neno hilo anavuta uzi kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

Jumamosi zikaanza kupata sababu. Leo mafua, kesho kazi za shule, keshokutwa mawingu. Siku moja mama akapiga simu kusema mtoto kachoka sana, hawezi kuja. Nyuma ya sauti yake Sponji akamsikia mtoto anacheka, na mwanamume anapiga kelele, "Ruka! Ruka sasa!"

"Mtu aliyechoka anaruka?" ananiuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyepiga simu. "Siku ile chakula kilinishinda. Nilimwonea wivu yule bwana mpaka nikalionea wivu kochi analokalia. Na kochi lile nililishona mimi mwenyewe!"

Jumatatu yake alifunga kibanda mapema akaenda kwenye soko la vyombo vya umeme vya mtumba, akiwa na malipo ya kochi la watu watatu mfukoni. Hakuwahi kushika gemu maishani, na hakutaka muuzaji ajue. Kwa hiyo aliikagua kwa ujuzi alio nao. Aliibonyeza kona zote. Aliigeuza miguu juu. Aliinusa, maana kochi lililolowa halifichi harufu. Akapitisha ukucha kwenye maungio ya kava kutafuta palipoachia.

"Bosi, hii si godoro," muuzaji akamwambia.

Sponji akagundua mkwaruzo mgongoni mwa kava, akaushikia bango. Kava likiwa limechanika hivi, alisema, mnunuzi wa pili atalikataa. Wakavutana, wakacheka, wakakasirikiana kidogo, muuzaji akapunguza bei. Muda wote huo gemu ilikuwa inawaka mezani, inapiga muziki, ikiwa kwenye waya. Sponji hakuwaza hata mara moja kumwambia auchomoe.

"Nilirudi nyumbani kifua mbele," anasema. "Nimemweza muuzaji, na huyo anko naye ajiandae."

Alipochomoa waya usiku ule, gemu ilizima papo hapo. Betri ilikuwa imekufa siku nyingi. Fundi anayewacheka wateja wanaonunua makochi kwa kutazama kitambaa bila kuuliza mbao za ndani, naye alikuwa amenunua kitambaa. Aliapa kurudi sokoni Jumatatu inayofuata kugombana.

Lakini kabla ya Jumatatu kulikuwa na Jumamosi, na habari za gemu zilishamfikia mtoto kwa simu. Alikuja asubuhi na mapema, bila mafua wala mawingu. Akamkumbatia baba yake, akachomeka waya, akageukia ukuta.

Akanyamaza. Saa nzima, na nyingine. Sponji akamuuliza habari za shule, akajibiwa "nzuri". Akamuuliza kama anataka kushindilia mito, akajibiwa "baadaye". Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mtoto alikuwa amerudi kibandani kweli, ila hakurudi kwa baba.

Mchana umeme ukakatika. Mtaa mzima ukaguna, mashine za kuranda zikanyamaza, na gemu ikazima ghafla. Binti akaitikisa, akaipuliza, akashusha pumzi. Halafu akageuka. "Baba, unajua Jumatano kulitokea nini?" Akaanza kueleza, na hakunyamaza mpaka umeme uliporudi.

Sponji hakurudi tena kwa muuzaji. Katika mtaa ule wa maseremala yeye ndiye mtu pekee anayetabasamu umeme ukikatika, na majirani wameanza kumtilia shaka.

Leo pia anauombea ukatike. Ananiambia hivyo kwa kunong'ona, huku akikata kitambaa cha kijani. Na leo ana sababu zaidi, kwa sababu binti ameleta ujumbe.

"Baba," anasema bila kugeuka, "anko kasema gemu hii niipeleke dukani kwake. Atanitilia betri. Bure."

Mkasi unasimama. "Bure?"

"Bure. Anasema ni kazi ya dakika tano."

"Mwambie nashukuru," Sponji anasema, kwa sauti ya mtu aliyekanyagwa mguu. Kisha ananigeukia. "Gemu yangu, jasho langu, halafu iende ikakae kwake. Ikishapata betri itarudi hapa kufuata nini? Na huyu aliyeishika atarudi kufuata nini?"

Nanywa chai yangu. Haipiti nusu saa, taa ya kibandani inafifia na kuzimika. Kutoka nje seremala mmoja anatukana. Sponji anainamisha kichwa kuficha meno.

Binti anaweka gemu chini, anajivuta mpaka kwenye kiti, anashika kopo la misumari. Anampa baba yake msumari, na mwingine. Halafu anasema, "Mama ana mtoto tumboni."

Nyundo inabaki hewani. Usoni mwa Sponji yanapita mambo mengi kwa wakati mmoja, na najifanya natafuta kalamu. Hatimaye anasema, "Heri. Mungu amjalie."

"Anko anamsemesha kila jioni. Anaweka mdomo hapa, anamwambia, mwanangu, umeshindaje? Hata hajazaliwa! Hasikii chochote. Sasa hivi hata kucheza na mimi hachezi. Anakaa na tumbo tu." Anachokora misumari koponi. "Baba, na mimi nilikuwa nasemeshwa?"

"Wewe?" Sponji anaweka nyundo chini. "Wewe ulikuwa unasemeshwa mpaka unarusha mateke. Mama yako alikuwa ananifukuza, anasema, mwache mtoto alale. Nilikuwa nakuhesabia misumari kupitia tumboni."

"Uongo."

"Muulize mama yako."

Mtoto anacheka huku anapangusa pua. Anafungua mdomo kuongeza jambo, na hapo taa inawaka, mashine za kuranda zinanguruma, gemu inapiga muziki wake. Anaruka kwenda ukutani. Sentensi yake anaiacha hapo hapo kwenye kiti.

Sponji anautazama ule mgongo mdogo. Kisha anapangusa gundi mikononi kwa kitambaa, anaburuta mto mwingine, anaketi kando ya bintiye, magoti yakilia.

"Sogea. Nifundishe."

"Wewe?" Binti anamtazama kana kwamba kochi ndilo limeongea. Anamwonyesha kitufe cha kukimbia na kitufe cha kuruka. Vidole vilivyozoea nyundo vinafunika vitufe vyote kwa pamoja. Muziki unalia kwa huzuni.

"Umekufa, Baba."

"Tayari?"

"Tayari. Anko siku ya kwanza alifika mpaka mtoni."

"Alifika wapi?"

"Mtoni. Kuna daraja limekatika, unaruka."

Sponji anaishika gemu vizuri zaidi. Anajaribu tena, anakufa. Anajaribu, anakufa, na safari hii anadai amesukumwa. Binti anacheka, anamshika kidole gumba na kukiweka mahali pake. Anaeleza bila kupumua: shimo liko wapi, nyoka anatokea upande gani, nani darasani kwao anajua njia ya mkato. Kochi la kijani limelala miguu juu katikati ya kibanda na mwenyewe atalifuata saa kumi.

Namuuliza Sponji ana mpango gani na siku zijazo. Hanitazami.

"Umeme ukikatika nikiwa nakaribia huo mto," anamuuliza bintiye, "nini kinatokea?"

"Unaanza mwanzo kabisa."

Anafikiri kidogo, macho kwenye skrini.

"Jumatatu nakwenda kununua betri," anasema. "Na fundi wa kuitia nitamtafuta mwenyewe. Anko wako asiiguse."