Vumbi la karasha kwenye maboga yangu

Leo nimeenda kugomba, nimerudi na aibu.

Majani ya maboga yangu yamejaa weupe kama unga. Hayo ndiyo mboga yetu, mimi na wanangu.

Nikamvaa jirani mwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu. "Baba Neema, vumbi lako litatuua kwa njaa!"

"Mama Kulwa, karasha bovu wiki ya pili hii. Vumbi gani?"

Waliokuwepo wakacheka. Baba Neema akaja shambani kuangalia. "Huu ugonjwa, ubwiriunga."

Lakini shina moja katikati ni kijani tupu! Mbegu yake alinipa mama mkwe, kule Songwa. Limegusana na mashina yanayougua, lenyewe limekataa.

Nimelifunga kitambaa kama alama. Asiliguse mtu mpaka nipate mbegu.

Ila limewezaje? Wakulima, hebu semeni.