Bomba la moshi la mama mkwe

Mimi ni fundi, na Bweranyange nzima inajua kwa sababu nimeitangazia mwenyewe. Nilipomwekea mama mkwe bomba la bati la kutolea moshi jikoni, uwazi uliobaki kati ya bomba na mbao za dari nilipaswa kuuziba kwa bati na udongo. Udongo ulikuwa mbali, migomba ilikuwa mlangoni. Nikashindilia majani makavu ya mgomba, nikashuka na kumwambia, "Mama, nimekandika udongo safi."

Jumapili wageni walijaa jikoni, nami nikawa nawaeleza ufundi wangu. Dari likaanza kufuka, kisha majani yanayowaka yakadondoka miguuni pangu. Mama mkwe akayamwagia maji, akanitazama kwa upole.

"Mkwe wangu, mbona udongo wako unawaka?"