Ufunguo kwenye Pindo

Kila masika, mto wa njia ya Usoke ukijaa, dereva mmoja wa bodaboda hana haraka na mtu. Huzima pikipiki, hukunja suruali, huchomeka kijiti pale maji yanapoishia, kisha huketi kwenye jiwe akifuta mnyororo kwa kitambaa chake cheusi. Siku moja abiria wake, Spesioza, aliyekuwa akiwahi ubatizo wa mjukuu wake ng'ambo ya mto, alimkodolea macho.

"Mwanangu, si jua linawaka?"

"Huku ndiyo, mama. Kule juu inanyesha. Tazama hayo majani yanavyoletwa na maji." Akamwekea ufunguo kiganjani. "Kaa nao wewe. Kijiti kikizama, hata nikikuomba usinipe."

Kijiti kikazama. Mara ikaja bodaboda nyingine, ikaingia majini, ikayumba katikati, ikatokea ng'ambo, na mwenyewe akawapungia mkono akicheka. Dereva akaacha kufuta. Kengele ya kanisa ilikuwa ikilia. Akainuka, akanyoosha mkono bila kumtazama Spesioza usoni.

Spesioza aliusikiliza ule mlio wa kengele mpaka ukakoma. Kisha akaufunga ufunguo kwenye pindo la kitenge, akakaza fundo kwa meno.

"Keti, mwanangu."

Akaketi, akashusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo, akakiokota kitambaa chake.