Besi Niliyoipiga Juu ya Mtumbwi wa Pombe

Nakumbuka asubuhi moja ya wakati wa vita, mjukuu wangu, na kila nikiikumbuka kifua kinanijaa. Nitakusimulia, ila kwanza niondolee hiyo simu usoni. Besi uliyonionyesha humo ni nzuri, sikatai. Inang'aa hata mtu anaweza kunyolea ndevu mbele yake. Lakini umesema bila hiyo hupandi tena jukwaani, na hapo ndipo uliponigusa pabaya. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima.

Siku hizo nilikuwa kijana wa Nyamiaga, kule Ngara, kabla sijahamia huku Runazi kumfuata bibi yako. Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa na shamba la pamoja, duka la pamoja, lori moja lenye kikohozi, na bendi. Ndiyo, bendi! Asubuhi tulishika majembe kama wengine, jioni tukashika magitaa. Mimi nilikuwa mpiga besi, na kwa umri huu sina haja ya kujifanya mnyenyekevu: kutoka Ngara mpaka Biharamulo hukupata vidole kama hivi.

Besi yangu haikutoka dukani. Niliichonga mwenyewe pamoja na seremala wa kijiji, kwa ubao wa mvule uliokaa juu ya moshi wa jiko mpaka ukakauka kabisa. Nyuzi zake zilikuwa waya za breki za baiskeli, na ule mnene kuliko wote niliusokota kwa waya mbili. Watu wa bendi za mjini walipoiona walicheka. Tulipoanza kupiga waliacha kucheka. Nyuzi zikifubaa nilizichemsha, grisi na jasho vikatoka, sauti ikarudi kama mpya. Mama alilalamika kwamba ugali wake unanuka baiskeli, nami nikamwambia sufuria hiyo imebarikiwa.

Besi ile ilikuwa na upungufu mmoja, nao ni kwamba haikuwa na tumbo. Ilikuwa ubao mtupu, na sauti yake ilitoka kwenye amplifaya iliyokula betri ya lori la kijiji. Vita vilipoanza na nduli akaingia Kagera, lori likaitwa kubeba wanajeshi, likaenda na betri yake. Hatukunung'unika. Nchi ilikuwa imevamiwa, nani angelilia betri?

Baada ya muda vijana wetu wa mgambo nao wakaitwa, akiwemo kaka yangu Gaspari. Huyo Gaspari alikuwa mchezaji hasa. Alicheza kwa mabega, na wakinamama waliacha vyungu motoni wakaja kumtazama. Mama yetu hakulia alipopata habari. Alisema neno moja tu: "Anayesindikizwa kimya ni maiti. Mwanangu ataondoka anacheza."

Asubuhi ya kuondoka watu wakajaa uwanja wa ofisi ya kijiji. Kiongozi wa bendi, Leonsi, akanivuta kando.

"Leo tunapiga bila wewe," akasema. "Bila betri besi yako ni kuni. Usitutie aibu mbele ya wageni."

Wakaanza. Magitaa makavu, yale yasiyotaka betri, yalisikika, ngoma zilisikika, lakini muziki ulikuwa juu juu tu, mboga isiyo na chumvi. Watu walipiga makofi ya heshima. Gaspari alisimama na kifurushi chake, macho chini, mabega yamekufa. Nilimjua kaka yangu. Ile haikuwa aibu, ilikuwa hofu, na sikuwahi kumwona nayo kabla ya siku ile. Mama alikuwa anamwangalia yeye, kisha ananiangalia mimi.

Pembeni yangu alikaa Mzee Kabuye, mpiga wa siku nyingi wa inanga, ule ubao uliochimbwa tumbo na kuvutwa nyuzi, na pia mtengeneza pombe ya ndizi maarufu kuliko wote pale.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona umekumbatia ubao kama mfiwa?"

"Hakuna betri, mzee."

Akanitazama kwa dharau mpaka nikainamisha kichwa. "Inanga ya baba yangu imekula betri ya nani? Sauti inataka tumbo, kijana. Badala ya kutafuta tumbo, umekaa unatafuta huruma. Kaka yako ataondoka hivyo?"

Maneno yaliniingia. Nikatazama huku na huku, macho yakaangukia uani kwake, palipopakana na uwanja. Pale ulilala mtumbwi wake wa kukanyagia ndizi, gogo moja kubwa lililochimbwa ndani, refu kuliko mtu. Mtumbwi ule hakuwahi kuuazima, hata kwa harusi ya ndugu yake. Hakusubiri niombe. Aliuonyesha kwa kidevu, basi.

Vijana wakaubeba mbio. Sasa sikia upumbavu wa heshima, mwanangu. Niliuweka ulivyozoea kukaa, mdomo juu, kana kwamba tunakwenda kukanyaga ndizi, kwa sababu kwa Mzee Kabuye kuupindua mtumbwi wa pombe ilikuwa kama kusema karamu imekwisha. Nikaegemeza kitako cha besi ndani yake, nikapiga. Ikatoka sauti ya mgonjwa. Leonsi akanikodolea macho. Nikamgeukia mzee, naye akautazama mtumbwi wake, akasema taratibu, "Pindua."

Tukaupindua, nikaweka jiwe chini ya ukingo mmoja ili sauti ipate pa kutokea. Nikasimamisha besi juu ya mgongo wake, nikaibana kwa goti, nikauvuta ule uzi mnene.

Mwanangu, hukuwepo! Gogo liliguna. Sauti ilitoka kwa chini, nzito, ikapita kwenye udongo na kupanda kwenye nyayo za watu. Mpiga ngoma akageuka, akacheka, akanifuata. Mtoto mmoja akalala chali ili aisikie kwa mgongo. Nami sikuwatazama hao wote, nilimtazama Gaspari. Likaamka bega moja. Likaamka la pili. Akatupa kifurushi, akaingia katikati, na mama akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Lori la jeshi lilipofika, dereva alizima injini akangoja, na kaka yangu alipanda akicheza.

Vita tulishinda. Gaspari hakurudi.

Siku za matanga wanawake walikaa na mama, kila mmoja na pole yake. Yeye akawaambia, "Mimi sina picha mbaya ya mwanangu. Mara ya mwisho kumwona alikuwa anacheza." Kisha akanishika hiki kiganja changu mbele yao wote, akakiinua. Nimepigia watu wakubwa na harusi zisizohesabika, lakini sifa niliyoipata ni ile.

Sasa nasaha yangu. Ukinunua chombo, fumba macho kwanza, usikilize, maana rangi haina sauti. Tazama shingo yake kama imenyooka, gusa ubao kama umekauka, na ukiwa na pesa kidogo ziende kwenye nyuzi na spika, si kwenye jina lililoandikwa kichwani. Chombo cha bei rahisi ukikijua mpaka maradhi yake kitakutumikia kuliko cha gharama kinachokuogopesha. Ukiwa nacho hicho kidogo, usikidharau mbele ya watu, kwa sababu heri kenda shika kuliko kumi nenda rudi. Usikimbilie kupiga noti nyingi. Mpigie mpiga ngoma, naye atakubeba. Na kila unapopiga, tafuta kwa macho mtu mmoja anayeihitaji besi siku hiyo, kwa maana yupo, hata kama hasemi. Huyo ndiye mwenye onyesho.

Basi Jumapili hii panda jukwaani na hiyo uliyo nayo. Mungu akupe vidole visivyochoka, na sikio jepesi kwa ngoma, zito kwa sifa. Ukoo wetu usikose mtu wa kupiga besi, na popote utakapopiga, anayeondoka aondoke anacheza.