Salongo ya Makaburi Yasiyo na Majina

Mwanangu, nakumbuka siku tulipopelekwa makaburini na majembe, darasa zima, hapa hapa Beni. Kesho shule yako inakutuma kufanya salongo kwa wakimbizi, kazi ya mikono isiyo na malipo, na nimekusikia ukinung'unika kwamba Jumamosi yako inapotea. Sikugombezi. Kaa kidogo nikueleze. Mimi sikusoma sana, lakini hili niliona kwa macho yangu.

Ilikuwa miaka ya vita, na barabara ya Eringeti ilikuwa imechafuka. Kaka yangu Kambale alikuwa konvoyeri, yule anayepanda juu ya lori na kulinda mzigo. Siku moja lori lao lilikutwa limesimama porini, milango wazi, ndani hamna mtu. Mpaka leo hatujui Kambale alilala wapi.

Kwetu, mtu akifa, majirani wanajaa uani, wanaleta kuni na maharagwe, wanalala nawe, na siku inafika matanga yanaisha na mwenye msiba anarudi shambani. Matanga ya Kambale hayakuwezekana kuanza wala kuisha. Majirani walipita mbele ya mlango wetu bila kujua waseme pole au waseme tungoje. Mama alikaa chini, mgongo ukutani. Chakula nilichompelekea nilikirudisha jikoni kama kilivyokuwa. Nguo zake zilianza kumpwaya. Nikaona wazi kwamba nitamzika mama kabla hatujapata habari ya kaka, na hofu hiyo ndiyo niliyobeba siku ile pamoja na jembe.

Makaburi yalikuwa upande wa mtaa wa Waislamu wenye malori. Sisi, shule ya Wakatoliki, hatukuzoea kupita huko. Njiani rafiki yangu Masika alikuwa anatuchekesha.

"Maître," akamwuliza mwalimu, "batu bakufa banalipaka salongo?"

"Weye lima kwanza," mwalimu akamjibu. "Bakikusalimia, utaniita."

Tulicheka mpaka tukafika, kisha tukaanza kazi kwa nguvu, maana vijana wakitaka kurudi nyumbani mapema hulima kweli. Upande wa chini kulikuwa na makaburi mengi yasiyo na msalaba, yasiyo na jina, vilima vya udongo tu. Juu ya kila kilima tuliona kitu kimetupwa: kiatu kimoja, mkanda, kifuniko cha termosi, kitana. Tukasema watu wa mtaa huu hawana heshima, wanatupa takataka juu ya wafu. Tukaviokota vyote, tukavirundika pamoja na majani makavu, na mmoja wetu akaomba kiberiti.

Ndipo akina mama wakaja mbio. Mbele yao alikuwa Mama Zaina, mke wa dereva, mikono imejaa unga wa muhogo.

"Batoto, mungoje! Ile haiko takataka!"

Hakututukana. Alipiga magoti kwenye lundo, akatoa kiatu, akakipangusa kwa kikwembe alichojifunga kiunoni. Halafu akatueleza. Waume wao walipokuwa wanaendesha malori walikuta watu waliouawa kando ya barabara, wakawapakia juu ya mizigo, wakawaleta mjini. Majina hawakuyajua. Dini zao hawakuzijua. Akina mama hawa waliwaosha, wakawafunika, wakawazika, na juu ya kila kaburi wakaweka kitu alichokuwa nacho marehemu, ili siku moja mtu akipita akitambue. Na kila majani yalipoota, walikuja kulima.

Masika hakuwa anacheka tena. "Mama, hawa ni bandugu zako?"

"Hapana."

"Donc juu ya nini munabalimia?"

Mama Zaina alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapika. "Kila mumoja, mama yake iko fasi fulani, analia. Hajue wapi atapeleka jembe. Basi mi naleta yangu."

Mwanangu, sijawahi kusikia mahubiri yaliyoniingia namna ile, na yule mama alikuwa tayari ameinama, anatafuta kaburi la kile kiatu.

Tulisaidiana kurudisha vitu. Sitakuficha, nilikuwa naangalia kila kimoja nikitafuta cha Kambale. Hakikuwepo. Kwenye kitana akina mama walibishana, huyu akisema ni cha kaburi hili, yule akisema la pili yake. Hawakuweza kukumbuka, wakakiweka katikati ya yote mawili. Hilo lilituumiza kuliko viboko. Tulikuwa tumekuja kusafisha, kumbe karibu tumchomee mtu njia pekee ya kupatikana.

Nyumbani nilimsimulia mama. Nilidhani hasikii. Kisha akauliza, "Uliangalia vizuri?" Lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo.

Asubuhi aliamka, akaoga, akafunga kitambaa, nikamfuata hadi makaburini. Akazunguka makaburi yote, akageuza kila kitu, akakirudisha palepale. Hakuna cha mwanawe. Nilisogea karibu nimdake asianguke.

Hakuanguka. Alimgeukia Mama Zaina, ambaye alikuwa hamjui hata kwa jina, akaonyesha kaburi moja lenye mkanda, majani yamelifunika.

"Hii iko na nani wa kuilimia?"

"Ile bado, dada. Mikono yetu haifikie zote."

"Nipe jembe."

Akalima. Alilima polepole, kama anayemvua mtoto nguo akiwa usingizini. Alipomaliza, Mama Zaina alimnawisha, akamwekea fufu ya muhogo na mboga ya sombe kwenye sahani moja na yake, na mama yangu akala. Mimi nilisimama pale na machozi, nikiogopa hata kukohoa.

Tangu siku ile lile kaburi likawa la mama kulilimia. Watu walijua. Miaka ikapita, mpaka akaja mzee mmoja kutoka Luofu, mbali kusini, aliyekuwa anatafuta mwanawe mji kwa mji. Akauona ule mkanda. Yeye mwenyewe ndiye aliyeushona ulipokatika, kwa uzi wa gunia. Aliuliza nani amekuwa akilima hapa. Mama akaitwa. Mzee alimshika mikono yote miwili, akaiweka kwenye paji la uso wake.

Niliogopa kwamba mama atahuzunika, maana sasa kaburi limepata mwenyewe. Akamwachia mzee kaburi. Akachukua jembe, akahamia kilima cha pembeni.

Mama naye amekwenda, mwaka uliopita. Kambale hatujampata. Sikudanganyi kwamba salongo ilinirudishia kaka yangu. Ilinirudishia mama, na hilo hatukulipanga mimi wala mwalimu.

Basi kesho nenda, mwanangu. Ukifika kwa wale watu wa kambini, usiguse kitu kabla hujauliza ni cha nani na kiko pale kwa nini. Usiwaambie umewaletea msaada. Walikuwa wanasaidiana kabla hujaamka, na kazi yako ni kushika upande mmoja wa mzigo ambao tayari wameuinua. Wakikupa chakula, kula nao, hata kama ni kidogo na unaona haya. Na kama una uchungu wako, nenda nao tu. Hakuna atakayekuuliza kwa nini umekuja na macho mekundu.

Mungu akupe mikono isiyochagua wa kumhudumia. Akupe masikio yanayotangulia mdomo. Popote utakapokuwa, na usipokuwa na mimi karibu, akuwekee mama wa kukuita mwanangu. Nenda salama.